Tabianchi kwa mwanafunzi anayetaka kuwa mhasibu

Mwalimu, umesema wanafunzi wako wa sekondari husinzia ukitaja tabianchi, kila mmoja akiwaza kazi yake ya baadaye. Basi anzia hapohapo kwenye kazi. Anayetaka uhandisi wa ujenzi mpe saruji: mawe ya chokaa yanayotengenezea saruji yakichomwa hutoa kaboni dioksidi (gesi inayoongeza joto la dunia) yenyewe, mbali na ile ya moto wa tanuri. Kwa hiyo hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, tatizo halijaisha. Waache wakune vichwa. Mhasibu akokotoe bima ya nyumba ya bondeni mafuriko yakija mara mbili zaidi. Muuguzi afuatilie mbu wa malaria wanaopanda nyanda za juu joto likiongezeka. Wanasheria watarajiwa wape Mkataba wa Paris wa 2015, makubaliano ya nchi za dunia kuhusu tabianchi, waubishanie (hao hawahitaji kuchochewa). Ukialika mtaalamu, asihutubie. Alete tatizo moja la kazini kwake, darasa lilitatue.