Stelingi lazima aumie

Kuna mdau anasema muvi za mapigano za zamani tunazipenda kwa sababu tu tulizitazama utotoni. Sikubali. Chukua Die Hard ya 1988. Balaa linamkuta Bruce Willis akiwa peku, kavua viatu baada ya safari ya ndege, majambazi wakateka ghorofa zima. Hicho kitu kidogo ndicho kinachobeba muvi. Bosi wa majambazi, Hans Gruber (kaigizwa na Alan Rickman), anakutana na stelingi uso kwa uso, anajifanya naye ni mateka, macho yakashuka hadi kwenye zile nyayo. Baadaye kwenye mapambano anaamuru vioo vipigwe risasi. Stelingi anachomoka, lakini tunamkuta chooni anang'oa kipande cha kioo mguuni, damu tele, huku anaongea na askari kwenye redio. Hapo unamhofia kweli: adui ana akili, na stelingi ana nyama kama wewe. Za siku hizi mtu anadondoka kutoka ghorofani, anajikung'uta vumbi, safari inaendelea. Nimhofie wa nini?

Jackie Chan ndo usiseme. Mwishoni mwa Police Story (1985) anashuka kwa kuteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, hana kamba, viganja vikaungua. Wakaturudishia tukio hilo kwa kamera tofauti, na walikuwa na haki. Hadithi yenyewe, tusidanganyane, ya kawaida tu.