Usiwafiche ng'ombe ili upunguze ada, mimi nimeshalipia

Ndugu mleta uzi, hapana. Usifanye hivyo. Nimekusoma nikiwa Kongowea nasubiri gari la pumba, nikaona nisingoje nifike nyumbani.

Kwa wanaopita tu: ndugu yetu ana majike 26 wa Boran, ng'ombe wa nyama, kule Kinango. Chama chao cha wafugaji, kinachoandikisha ukoo wa ng'ombe, kimeacha kulipisha kwa kila ndama anayeandikishwa, sasa kinalipisha kwa kila jike aliye kundini, mara moja kwa mwaka. Kuna mtu kamwambia apeleke majina ya wale 15 wazuri, wengine awanyamazie. Anauliza kama ni sawa, na kumbukumbu aziweke vipi.

Mimi naishi Kisauni, ng'ombe wangu wako upande huohuo wa Kwale. Maneno hayo uliyoambiwa niliambiwa na mimi, karibu neno kwa neno, kwenye maonyesho ya kilimo Mkomani. Bwana mmoja, koti safi, kalamu mbili mfukoni, ananiita "shekhe" kila baada ya sentensi. Akaniambia: "Ndama dhaifu usimtaje, na jike aliyekosa kuzaa usimtaje, watakuharibia jina la kundi." Nikamshukuru na chai nikamnunulia! Mpaka leo nikikumbuka chai ile moyo unawaka. Mtu hajawahi kupima ndama hata mmoja anakushika mkono akupeleke shimoni, kisha ukimtafuta simu haipatikani.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mwaka 2022, ule wa ukame, nilipata ndama 18. Wanane walikuwa wazuri, kumi wamekonda. Nikapeleka wale wanane peke yao. Baada ya kusawazisha uzito kana kwamba wote wana siku 205 na jinsia moja, wastani wao ulikuwa kilo 196. Dume langu bora lilikuwa na kilo 204. Hesabu ya chama haiangalii kilo 204 peke yake, inamlinganisha ndama na wenzake waliokula nyasi zilezile, jua lilelile, mwaka uleule. Kwa hiyo kwenye karatasi dume langu likaonekana limewazidi wenzake kwa kilo 8. Basi.

Ningewapeleka wote 18, wastani ungekuwa kilo 168, na dume lile lile lingeonekana limewazidi wenzake kwa kilo 36. Fanya mwenyewe hiyo hesabu kwa kalamu. Wale kumi waliokonda ndio waliokuwa mashahidi wa dume langu, na mimi nikawafukuza mahakamani.

Akaja mnunuzi kutoka Taita Taveta. Akalitazama dume, akalishika nundu, akalizunguka mara mbili, nikaona macho yake yamependa. Kisha akaomba karatasi. Akasoma 8, akanyamaza. Jirani yangu alikuwa na dume la kilo 190, jepesi kuliko langu, lakini yeye alipeleka kundi zima, wastani kilo 160, karatasi yake inasema 30. Mnunuzi akaenda kwa jirani. Langu nikaliuza Mariakani kwa bei ya nyama. Dume la mbegu, ndugu yangu, kwa bei ya nyama.

Na hiyo bado si hasara kubwa. Hasara kubwa ilitoka kwa majike. Nina jike namwita Kipusa, mwekundu, mzuri wa kutazama, ndama wake wananenepa hasa. Lakini anazaa mwaka huu, mwaka ujao anapumzika. Kwa kuwa mwaka wa kupumzika sikumripoti, kumbukumbu zake zilionyesha ndama wazuri tu, na mimi mwenyewe nikaamini karatasi yangu ya uongo. Nikabakiza mitamba yake watatu niendeleze ukoo. Wote watatu wamemfuata mama. Jike asiyezaa anakula nyasi sawa na anayezaa, na ada yake ni ileile. Ndiyo maana vyama vinalipisha kwa jike: ukishamlipia huna sababu ya kuficha ndama wake, na kila jike lazima atolewe maelezo, kazaa lini, au kwa nini hakuzaa, au kaenda wapi. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa Red Angus kule Marekani kilianza utaratibu huo tangu 1995, na ni kwa ajili hiyohiyo.

Kuna na wafu. Ukame ulinichukulia majike sita, wengine watatu niliwauza, na sikuandika popote. Orodha ilikuwa na majike 31, machungani wako 22. Nimelipa ada ya ng'ombe tisa wasiokuwepo kwa miaka miwili mfululizo. Nilipokwenda kulalamika, binti wa ofisini akaniuliza kwa upole, "Mzee, ulituambia wamekufa?" Sikuwa na jibu. Na majike ambao sikuwajazia chochote miaka miwili walikuwa wamewekwa kando, ndama wao hawapokelewi mpaka ulipe kuwarudisha. Kama kundi lako linapanda ngazi za usajili wa ukoo, Faundesheni, Intamidieti, Apendiksi mpaka Pedigri iliyo ya juu kabisa, jike mmoja akiwekwa kando binti yake anakwama hapohapo.

Kwa hiyo: majike wote, kila mwaka, hata tasa, hata aliyekufa, hata yule unayemwonea haya. Ada ya wale 11 unaotaka kuwaficha ilipe. Wale ambao roho inakuuma kuwalipia, waondoe kundini, usiwaondoe kwenye daftari.

Na daftari likae bomani, si kwako mjini. La kwangu nilipolifungua nilikuta mchungaji ameandika, "Yule mwekundu kazaa usiku." Nina wekundu saba. Hakuna tarehe, hakuna namba, na madume yalikuwa mawili machungani. Nikaishia kung'oa nywele za mkia pamoja na mizizi yake zikapimwe vinasaba (DNA) kujua baba ni dume lipi, na kipimo hicho nililipia mimi. Mzee wa watu hakukosea, mimi sikuwahi kumwambia cha kuandika. Sasa ana mistari minne tu: namba ya mama, tarehe, dume au jike, hai au mfu.

Jumamosi hii nenda Kinango kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Wahesabu wakiwa bado zizini, mmoja mmoja, namba ya sikio na umri, kisha uiweke orodha hapa. Nitakupigia picha ukurasa wa daftari langu uone ulivyopangwa.