Omusika hauzi mali ya marehemu

SWALI: Mume wangu wa ndoa alifariki mwaka jana, akaniacha na watoto watatu katika nyumba yetu ya Bugembe, Jinja, yuko pia mtoto wa nne, aliyezaliwa nje ya ndoa. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimsimika shemeji yangu kuwa omusika, yaani mrithi wa kimila, naye sasa anadai kwamba nyumba pamoja na kibanja cha Mukono (shamba tunalomiliki juu ya ardhi ya mtu mwingine) ni vyake, hata ameanza kumpeleka mnunuzi kukiangalia kibanja. Anaonyesha karatasi iliyoandikwa na marehemu, inayompa kibanja hicho, lakini shahidi aliyetia saini ni yeye peke yake. Nifanye nini?
Mjane, Jinja

JIBU: Dada, pole sana kwa msiba. Karatasi hiyo si wosia. Sheria ya Mirathi ya Uganda inataka wosia uwe wa maandishi, utiwe saini na mwenyewe, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili waliomwona akitia saini. Hata angepatikana shahidi wa pili, bado shemeji yako asingepata kibanja kwa karatasi hiyo, kwa sababu zawadi anayopewa shahidi wa wosia hubatilika isipokuwa mashahidi wengine wawili wanatosha bila yeye. Kwa hiyo marehemu anahesabiwa kuwa amekufa bila wosia.

Kusimikwa ni heshima ya ukoo, wala siidharau, lakini hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, mali ya aliyekufa bila wosia hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mjane 20, ndugu waliomtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila 1. Tuseme madeni yamelipwa na imebaki mali ya shilingi milioni 100, bila kuihesabu nyumba mnayoishi: wewe utapata milioni 20, kila mmoja wa watoto wanne 18,750,000, na omusika milioni moja. Nyumba ya Bugembe haimo katika mgawanyo huo, kwani imehifadhiwa kwa ajili yako na watoto, na kukufukuza humo ni kosa la jinai.

Kinachohitaji haraka ni kibanja. Kwa kuwa hakina hati ambayo ungeweza kuiwekea zuio katika ofisi ya ardhi, mwandikie mwenye ardhi pamoja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa huko kwamba marehemu ana mjane na watoto, na kwamba hakuna aliyepewa na mahakama usimamizi wa mirathi. Ubaki na nakala zilizogongwa mhuri. Mnunuzi naye aambiwe, maana ndiye atakayepoteza fedha.

Kisha ripoti kifo kwa Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ukiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya LC1, ndipo uombe mahakamani barua za usimamizi, yaani hati za kukupa mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Ukizipata, utapaswa kuwasilisha orodha ya mali yote ndani ya miezi sita, na hesabu ya usimamizi ndani ya mwaka mmoja.

Katika maombi hayo mtaje mtoto wa nne. Najua hilo linaweza kukuuma, ila sheria haimtofautishi na wanao, na ukimficha, barua zako zinaweza kufutwa, shemeji yako akiwa wa kwanza kuliomba hilo.