Barua kwa Mwanangu: Nani Aamue Chuoni?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: ikiwa serikali ndiyo inayolipa mishahara ya wahadhiri na kujenga kumbi za mihadhara, kuna ubaya gani muswada wa sheria mpya ukimpa waziri mamlaka ya kumteua makamu mkuu wa chuo na kuidhinisha mitaala?

Fedha za umma zina wenyewe, na chuo kinachozitumia hakina budi kukaguliwa hesabu zake na kujibu panapotokea wizi au upendeleo. Wapo maprofesa wanaojificha nyuma ya uhuru wa kitaaluma ili wasiulizwe lolote, na hao siwatetei. Lakini kukagua hesabu na kuamua kinachofundishwa ni mambo mawili, na miswada ya aina hii huyafunga pamoja ili anayepinga la pili aonekane anakwepa la kwanza.

T. B. Davie, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Cape Town hadi alipofariki mwaka 1955, aliueleza uhuru huo kwa mambo manne ambayo chuo chenyewe ndicho kiyaamue: nani afundishe, nini kifundishwe, kifundishwe vipi, na nani afundishwe. Sijaona kipimo bora kuliko hicho. Usome muswada wako kifungu kwa kifungu, ukitafuta ni lipi kati ya hayo manne limehamishiwa kwa waziri. Mwaka 1959 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria iliyojitangaza kuwa ya kupanua elimu ya vyuo vikuu, kumbe ndiyo iliyomlazimisha mwanafunzi asiye Mzungu kuomba kibali cha waziri kabla ya kujiunga na chuo kilichokuwa tayari kumpokea.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa ustadi zaidi. Mwaka 2017 Hungaria ilivitaka vyuo vya kigeni viwe na mkataba baina ya serikali yake na ya nchi vilikotoka, na viwe vinafundisha pia katika nchi hizo. Masharti yaliandikwa kana kwamba ni ya wote, ila hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mlengwa ni Central European University, chuo kilichokuwa Budapest, ambacho hatimaye kilihamishia masomo yake Vienna. Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba masharti hayo yalikiuka sheria za Umoja huo, uhuru wa kitaaluma ukiwemo, lakini chuo kilikuwa kimekwisha kuondoka.

Wakati mwingine hata neno chuo halitajwi. Tanzania iliporekebisha Sheria ya Takwimu mwaka 2018, ilikuwa kosa kutangaza takwimu zenye nia ya kupotosha au kutilia shaka zile rasmi, na kwa mtafiti hiyo ni hatari, maana kuhakiki namba za wengine ndiyo kazi yake. Makali hayo yalipunguzwa mwaka 2019.

Ama kuhusu uteuzi, ambao wewe umeuona mdogo, mimi naona ndio mzizi. Makamu mkuu ambaye mkataba wake uko mikononi mwa waziri hahitaji kupigiwa simu. Atajua mwenyewe ni semina ipi ikose ukumbi na ni mhadhiri yupi asipandishwe cheo. Naye mhadhiri kijana, akiyaona hayo, atachagua mada isiyomuudhi mtu, na utafiti ambao haukufanyika haumo katika ripoti ya mkaguzi yeyote.

Ikiwa kamati ya Bunge itaalika maoni, msipeleke malalamiko matupu. Wanataaluma waliotoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma mwaka 1990 walidai uhuru wao na papo hapo wakaandika wajibu wao kwa jamii. Nanyi ungeni mkono ukaguzi wa kila mwaka, hata ripoti itangazwe hadharani. Kisha daini kwamba makamu mkuu apatikane kwa ushindani mbele ya baraza la chuo ambalo wengi wa wajumbe wake hawakuteuliwa na waziri, na kwamba mitaala ibaki kwa seneti ya chuo, yaani kikao cha wanataaluma wake.

Wako akupendaye,
Mama