Mkataba wa hali bora na mfanyakazi asiye mwanachama wakati wa kupunguzwa kazi

SWALI: Mheshimiwa Wakili, salaam. Ninaendesha mashine katika kiwanda cha vifungashio eneo la Chang'ombe, Dar es Salaam, na nimekwisha kutimiza miaka 14 ya utumishi. Uongozi umetangaza kupunguza wafanyakazi na jina langu limo kwenye orodha. Mkataba wa hali bora uliopo kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri unasema anayepunguzwa atalipwa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika. Ofisi ya rasilimali watu inasema kwamba, kwa kuwa sikujiunga na chama, nitalipwa siku 7 za kisheria, tena kwa miaka 10 tu. Lakini kila mwezi hati yangu ya mshahara inaonyesha makato ya ada ya uwakala. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 520,000, kwa siku sita za kazi kwa wiki. Je, mkataba ule haunihusu? Na je, ni halali kwamba sikuitwa kwenye majadiliano hata mara moja?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyonipa, mkataba unakuhusu. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinaeleza kwamba mkataba wa hali bora uliosainiwa unazifunga pande zilizousaini, wanachama wao, na vilevile wafanyakazi wasio wanachama, iwapo chama husika kimetambuliwa chini ya kifungu cha 67 kuwa mwakilishi pekee wa majadiliano kwa kundi lao la wafanyakazi. Chama hupata utambuzi huo kinapowakilisha wafanyakazi walio wengi katika kundi hilo. Unachopaswa kuthibitisha, basi, ni kwamba utambuzi huo upo na kwamba kada ya waendesha mashine imo ndani ya mkataba. Kwa kawaida hilo huandikwa kwenye vifungu vya mwanzo kabisa, vile ambavyo watu huviruka wakikimbilia ukurasa wa posho.

Hati yako ya mshahara ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani. Ada ya uwakala, kwa mujibu wa kifungu cha 72, hukatwa kwa mfanyakazi ambaye si mwanachama lakini anaguswa na makubaliano ya chama kilichotambuliwa. Mwajiri aliyekukata ada hiyo mwezi baada ya mwezi kwa msingi kwamba chama kinakuwakilisha, kisha siku ya malipo akakuambia kwamba chama hakikuhusu, anataka kula huku na huku. Tunza nakala za hati hizo, na za miaka ya nyuma ukiweza kuzipata.

Sasa tuangalie fedha. Kwa kanuni ya ukokotoaji iliyo kwenye jedwali la sheria hiyo, mshahara wa mwezi wa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki hugawanywa kwa 26 ili kupata ujira wa siku, kwa hiyo wako ni shilingi 20,000. Kiwango cha kifungu cha 42, yaani siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, kinatoa shilingi 1,400,000. Siku 21 kwa miaka 14 zinatoa shilingi 5,880,000. Sheria imetumia maneno yenye maana ya "isiyopungua", kwa hiyo siku 7 ni kiwango cha chini, na wahusika wana uhuru wa kukubaliana zaidi.

Ubishi wa kweli nauona kwenye kikomo cha miaka 10. Mwajiri akishindwa kwenye hoja ya uanachama, huenda akasema kwamba siku 21 anazikubali ila kikomo cha sheria kinabaki, na hapo kiasi kinashuka hadi shilingi 4,200,000. Kwa maoni yangu, kikomo hicho kinahusu kiwango cha chini cha kisheria, na mkataba unaosema "kwa kila mwaka uliokamilika" bila kuweka ukomo usomwe kama ulivyoandikwa. Hata hivyo, usome wote hadi mwisho, kwa sababu maneno kama "kwa kuzingatia ukomo wa sheria" yakiwa yamejificha kwenye kifungu kingine, hoja yangu inadhoofika sana.

Kuhusu kutoitwa, jibu langu huenda lisikufurahishe. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio mapema, atoe taarifa zinazohitajika, na ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepusha au kupunguza makali, vigezo vya uteuzi, muda na kiinua mgongo. Lakini palipo na chama kilichotambuliwa, mashauriano hayo hufanywa na chama. Kutoitwa wewe binafsi, peke yake, hakubatilishi zoezi. Mwombe katibu wa tawi mihtasari ya vikao: kama mwajiri alikuja na orodha iliyokwisha kukamilika na kuisoma tu, hapo kuna kasoro. Ulizia pia kigezo kilichotumika, kwani desturi ya wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka inakubalika lakini huweza kuachwa kwa ajili ya ujuzi maalumu, na mtu wa miaka 14 ana haki ya kuelezwa kwa nini waliokuja nyuma yake wamebaki.

Usisaini fomu yoyote ya "malipo kamili na ya mwisho" wala barua ya kuondoka kwa hiari kabla ya kupata mchanganuo wa maandishi unaotenganisha notisi, likizo ambayo hukuchukua, kiinua mgongo na nauli ya kurudi ulikoajiriwa, kama uliajiriwa nje ya Dar es Salaam. Mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Madai mengine yana siku 60. Tafsiri ya mkataba nayo huanzia kwenye usuluhishi wa Tume, na ukifanikiwa shauri huishia hapo; ukishindikana, shauri hupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kwa kuwa madai yako yana sura zote hizo, yapeleke yote ndani ya siku 30.