Swali la Lugha: Viboko Wawili au Viboko Viwili?

SWALI: Tulikuwa tukipeana maajabu ya maneno na wanyama, ndipo mwenzangu mmoja akadai kwamba kiboko wa mtoni alipewa jina la kiboko cha kuchapia. Mwingine akashikilia kwamba, kwa kuwa jina hilo linaanza kwa ki-, ni lazima tuseme “viboko viwili vimeingia shambani”. Ni nani aliye sahihi?

JIBU: Hakuna aliye sahihi kati yao, ingawa kosa la huyo wa pili linaeleweka.

Kuhusu asili, jina lilitoka kwa mnyama likaenda kwa chombo. Mjeledi huo ulikatwa katika ngozi nene ya kiboko, ukaitwa kwa jina la mwenye ngozi. Kisha hata fimbo ya mti, na pigo lenyewe, vikaitwa vivyo hivyo, ndiyo maana twasema mtu amechapwa viboko vitatu. Kifaru naye ni hivyo hivyo: magari ya vita yanayoitwa vifaru yalitumika vitani kwa mara ya kwanza mwaka 1916, ilhali mnyama alikuwa na jina lake zamani sana.

Ama kuhusu upatanisho, Kiswahili hakitazami umbo la jina pale kinaposema juu ya kiumbe mwenye uhai. Kinatazama uhai wenyewe. Kwa hiyo twasema “viboko wawili wameingia shambani”, kama tusemavyo “viongozi wawili wamefika” wala si “viongozi viwili vimefika”. Ki- hiyo haimaanishi udogo hata kidogo, kwani kiboko dume aliyekomaa hufikia tani moja na nusu.

Uzuri wa kanuni hii, nami huupenda kuliko maajabu mengine yote ya sarufi yetu, ni kwamba kiambishi kimoja chatosha kumwonyesha msikilizaji kinachotajwa. “Kifaru amejeruhiwa” ni habari ya mbugani. “Kifaru kimeharibika” ni habari ya vita. Buibui mweusi anafuma utando pembeni mwa dari, lakini buibui jeusi limeanikwa kambani. Ukimwona tembo mkali, kimbia. Tembo kali ni kileo kilichogemwa mnazini. Katika mfano huu wa mwisho herufi moja tu, m, ndiyo inayotenganisha mnyama na kinywaji.

Wapo wanaouliza kama mnyama akifa hupoteza upatanisho huo. Hapana: kuku aliye chunguni bado “ameiva”, na samaki aliyekaushwa bado ni “samaki huyu”, kwa sababu kinachozingatiwa ni jamii ya kiumbe, si pumzi ya huyo mmoja.

Lipo jambo moja ambalo yule wa pili angeweza kulitumia kujitetea. Msemaji anapokusudia kukuza au kudunisha, huacha kwa makusudi upatanisho wa viumbe hai na kufuata umbo: “joka lile lilijiviringisha”, “kijibwa kile kinabweka usiku kucha”. Hapo ki- na li- zinabeba hisia ya msemaji, yaani hofu, dharau au huruma. Lakini katika neno kiboko, ki- ni sehemu ya jina la kawaida la mnyama, haikuongezwa na msemaji ili kumdunisha, kwa hiyo utetezi huo haumfai.