Kesho ya mama isiyofika

Mtoto wa miaka minne akijigaragaza dukani kwa ajili ya pipi, watu husema kadekezwa. Huenda. Lakini mara nyingi mtoto huyo ameshaambiwa "nitakununulia kesho" mara nyingi mno, na kesho ya mama haijawahi kufika. Kwake yeye, kulia sasa ndiyo njia pekee yenye uhakika.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilipima jambo hili kwa watoto 28 wa miaka 3 hadi 5. Kwanza mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu waliambiwa samahani, havipo. Kisha kila mtoto akapewa peremende moja laini na kuambiwa akisubiri atapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Subira ya mtoto, kwa hiyo, si tabia ya kuzaliwa tu. Ni hesabu anayoipiga kutokana na wakubwa waliomzunguka.

Basi anza na ahadi zako. Ahidi kidogo, na uifunge ahadi kwenye tukio, si kwenye saa: "tukimaliza kuosha vyombo", siyo "baadaye". Wa miaka mitatu hajui dakika kumi ni kitu gani. Mwanzoni muda uwe dakika mbili au tatu, kisha timiza hapo hapo, hata kama ameshasahau. Tena akiwa amesahau ndiyo bora zaidi, maana anaona neno lako limesimama bila yeye kulia. Kama hununui, mwambie kabla hamjatoka nyumbani: "Leo tunanunua unga na sabuni tu."

Panapoharibika zaidi ni kwenye nyumba yenye wakubwa wengi. Mama anakataa simu, mtoto analia dakika tano, bibi anamhurumia na kumpa. Kesho atalia saba, kwa sababu ameshajua mlango upo, ni suala la muda tu. Kukubali mara moja moja baada ya kilio hukomaza kilio kuliko hata kukubali kila siku. Chagueni kanuni mbili au tatu tu, na dada wa kazi azijue pia. Bibi usimkosoe mbele ya mjukuu; mfuate baadaye, "Mama, naomba tusaidiane kwenye hili la simu."

Kabla ya kumwita mtukutu, hesabu usingizi wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, linataka mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na akae mbele ya skrini si zaidi ya saa moja. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule amelala saa saba. Hasira za jioni zimeshaeleweka.

Hasira zikipanda, usifundishe. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, bado changa sana, na mahubiri hayaingii. Chuchumaa mtazamane, sema sentensi moja: "Umekasirika kwa sababu nimezima simu." Kaa naye. Akianza kupumua taratibu ndipo mzungumze, kwa ufupi. Ukimchapa kwa sababu amempiga mdogo wake, umemwonyesha kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Na "mwanaume halii" ni sumu: mtoto asiyeruhusiwa kuwa na huzuni huishia kuionyesha kwa ngumi.

Mazoezi yenyewe yamo kwenye michezo ya uani. Kombolela humfundisha kujificha kimya huku kifua kinadunda. Simama-kaa ni nzuri zaidi ukiigeuza: ukisema simama, akae, ukisema kaa, asimame. Dakika tano zinatosha. Wa miaka mitatu atachanganya kila mara, mwache acheke. Wa miaka mitano atakushinda upesi. Hapo ongeza amri ya tatu.